Kidole gumba kimebebeshwa kesi ya pazia

Waingereza wana msemo wao, "rule of thumb", yaani kanuni ya kidole gumba, wanautumia wakimaanisha ile hesabu ya haraka ya mtu mzoefu, makadirio yasiyohitaji tepu wala kalkuleta. Mama akikuambia wali unataka kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, hiyo ndiyo yenyewe. Sasa huu msemo siku hizi una kesi. Kila baada ya muda inazunguka klipu inasema eti zamani Uingereza kulikuwa na sheria inayomruhusu mume kumchapa mkewe ilimradi fimbo isizidi unene wa kidole gumba chake, na huko ndiko msemo ulikotoka, kwa hiyo mtu mstaarabu auache. Wanakuja wengine wanajibu kwa hasira kwamba huo ni uzushi wa wanaharakati, hakuna mke aliyewahi kupigwa kwa baraka za sheria, mada imefungwa. Mimi nasema pande zote mbili zimeruka kitu kile kile. Msemo hauna undugu wowote na fimbo, na sheria ya namna hiyo haijawahi kutungwa Uingereza. Lakini majaji waliokuwa tayari kumwachia mume aliyemchapa mkewe walikuwepo, hukumu zao zimechapwa na zinasomeka mpaka leo, na ukizisoma unakuta kinga ya mume haikuwa kidole gumba hata kidogo, ilikuwa pazia.

Kwanza tuone kesi imefikaje hapa. Mwaka 2021 kituo kimoja cha kusaidia wanafunzi pale chuo kikuu cha Brandeis, Marekani, kilitoa orodha ya maneno ambayo watu wanashauriwa kuyaepuka, na "rule of thumb" ikawemo. Desemba 2022 ikaja orodha nyingine kubwa zaidi ya Stanford, na hapa watu wengi walichanganya mambo, maana haikuwa amri ya chuo kizima, ilikuwa kazi ya watu wa idara ya teknolojia kwa ajili ya tovuti na programu zao. Ikazua kelele kwenye magazeti, Januari 2023 wakaishusha. Kinachonichekesha ni kwamba maelezo ya Stanford yenyewe yalikiri kuwa hakuna maandishi yanayothibitisha hiyo sheria, ila neno likawekwa kwenye orodha hivyo hivyo. Yaani ushahidi dhidi ya mshtakiwa hakuna, lakini akae ndani kwanza. Orodha ya Stanford ilishushwa, tabia ikabaki, na kwa kuwa huku kwetu watu wengi wanaandika ripoti za Kiingereza kwa ajili ya wafadhili, inatufikia na sisi. Mimi nimewahi kurudishiwa ripoti na huo msemo umepigwa mstari mwekundu, pembeni wameandika "una historia ya ukatili", basi. Nikabadilisha maana siku ya mwisho ya kuwasilisha ilikuwa imefika, ila ndiyo iliyonifanya nianze kufukua.

Sasa tuje kwenye asili yenyewe. Msemo umeandikwa karne ya 17 huko. Kuna mhubiri wa Scotland, James Durham, mahubiri yake yalichapishwa 1685, miaka mingi baada ya yeye kufa, na humo anawasema Wakristo wa mdomoni kwamba ni kama mafundi wajinga wanaojenga kwa kubahatisha na kwa kanuni ya kidole gumba, badala ya kufuata vipimo. Mwaka 1692 Sir William Hope, Mskoti mwingine, kwenye kitabu cha kufundisha mchezo wa panga, anamponda mtu anayepigana kwa kanuni ya kidole gumba na sio kwa ufundi. Halafu 1721 James Kelly akakusanya methali za Kiskoti, mle kuna moja inasema hakuna kanuni nzuri kama ya kidole gumba, ikilenga. Hapo kwenye "ikilenga" ndipo penye utamu, maana ni dongo. Angalia hao wote watatu wanaongelea nini: ujenzi, panga, bahati ya kulenga. Hakuna mke, hakuna fimbo. Wanaongelea mtu anayepima kwa mwili wake badala ya kifaa, na kwa watu wa enzi hizo hilo halikuwa fumbo hata kidogo kwa sababu inchi yenyewe ilikuwa upana wa kidole gumba, ndio maana mpaka leo Mfaransa akisema "pouce" anaweza kuwa anamaanisha kidole gumba au inchi, ni neno lile lile. Na sisi hapa nani atushangae, wazee wa pwani walikuwa na wanda, ambao ni upana wa kidole, wana futuri kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha shahada, wana shubiri, wana mkono, wana pima. Mtu aliyekulia kwenye vipimo hivyo hahitaji kesi ya mahakamani ili aelewe gumba linaingiaje kwenye kukadiria.

Nikiwa hapo hapo, niwaguse kidogo na wale wanaojifanya wanasafisha uongo. Wengi wakishakataa stori ya fimbo wanakupa ya kwao, kwamba watengeneza bia wa zamani walikuwa wanachovya kidole gumba kwenye pipa kupima joto kabla ya kuweka hamira. Stori tamu, na yenyewe haina mguu. Yale maandishi matatu ya mwanzo hayana bia wala pipa. Unafuta uzushi mmoja unaweka mwingine, mradi tu una harufu ya hamira.

Basi fimbo iliingilia wapi? Iliingilia London, mwaka 1782, karibu karne nzima baada ya msemo kuwa tayari umechapishwa. Kulikuwa na jaji anaitwa Francis Buller, kijana kwa viwango vya majaji, aliteuliwa ana miaka 32 tu, mkali na asiyependwa sana. Ikavuma kwamba amesema mume anaweza kumpiga mkewe kihalali kama fimbo haizidi unene wa kidole gumba. Aliyasema wapi, kwenye kesi gani, hakuna rekodi yoyote iliyopatikana, na watu wametafuta tangu karne ya 19. Lakini mchoraji vibonzo James Gillray hakuwa na haja ya rekodi, Novemba 27 mwaka huo akatoa kibonzo amemchora Buller na joho na wigi lake la kijaji, amekumbatia mafungu ya fimbo ambazo ncha zake zina umbo la vidole gumba, anaziuza, anajinadi kwamba ni fimbo halali kabisa za kurekebishia familia, na nyuma yake mwanaume anamshushia mkewe kipigo. Jina la "Jaji Gumba" likamganda mpaka kaburini. Ni kibonzo kikali na kilimtendea haki au hakikumtendea mimi sijali sana, jambo la kushika ni kwamba watu wa London walikicheka. Walimcheka jaji. Kama unene wa gumba ungekuwa sheria inayojulikana na kila mtu, cha kuchekesha kingekuwa nini?

Hapa ndipo wale wa upande wa pili wanaponyanyuka kusema unaona sasa, hakukuwa na kitu. Taratibu. Mwanasheria William Blackstone, ambaye kitabu chake cha kuanzia 1765 kilisomwa na kila wakili Uingereza na Marekani, aliandika wazi kwamba zamani mume aliruhusiwa kumpa mkewe adhabu ya kiasi. Gumba hakulitaja. Alisema ruhusa hiyo ilianza kutiliwa shaka karne ya 17, enzi za mfalme Charles wa Pili, ila watu wa tabaka la chini bado wanaidai na kuitumia. (Huyu naye, ukatili akawatupia maskini, kama vile mabwana wenye majumba hawakuwa na mikono.) Kwa hiyo ruhusa ilikuwepo kwenye vitabu, ikachakaa, na Uingereza ilizikwa rasmi mwaka 1891 kwenye kesi ya Jackson, ambapo mume alimteka mkewe akitoka kanisani akamfungia ndani, na mahakama ya rufaa ikasema hana haki hiyo. Na sio kwamba dunia nzima ilikuwa hivyo, maana Massachusetts tangu 1641, wakiwa bado ni koloni changa la walokole wakali, waliandika kwenye sheria zao kwamba mke asipigwe na mumewe isipokuwa mume anajilinda.

Uhondo wenyewe, kama unaweza kuitwa uhondo, uko kusini mwa Marekani. Mwaka 1824 mahakama ya Mississippi kwenye kesi ya Bradley ikazungumzia haki ya mume ya kumrekebisha mke, na jaji akagusia kiboko kisichozidi unene wa kidole gumba, akasema anadhani ilitoka kwa jaji fulani wa Uingereza, akamtaja Raymond. Sio Buller, Raymond! Hiyo ndiyo dalili ya kitu kilichosikiwa mtaani kikaingia mahakamani kwa mlango wa nyuma, kila mtu anakijua na hakuna anayejua kimetoka wapi. Na huyo Bradley, mume aliyekuwa amekata rufaa baada ya kutiwa hatiani kwa kumpiga mkewe, alishindwa.

Halafu 1868, North Carolina, bwana mmoja Rhodes. Juri ilikuta kwamba alimpiga mkewe mapigo matatu kwa ufito wenye unene kama wa kidole chake kimojawapo, lakini usiofika gumba la mtu mzima, na kwamba mke hakuwa amemchokoza isipokuwa kwa maneno fulani ambayo shahidi hakuyakumbuka. Soma tena hapo. Watu wamekaa mahakamani wakapima ufito kwa vidole, ila maneno ya yule mama hakuna aliyeyashika. Jaji wa kwanza akasema mume ana haki maana ufito haujazidi gumba, akaachiwa. Ikaenda mahakama ya juu ya jimbo, na hapa ndipo stori ya klipu inapovunjika kabisa, kwa sababu mahakama ya juu ililikataa gumba. Ikasema kipimo ni madhara yaliyotokea na sio kifaa kilichotumika, kwamba fimbo nene inaweza isidhuru na ufito nusu yake unaweza kuua. Kidole gumba kikatupwa nje. Na Rhodes? Akaachiwa vile vile! Mahakama ilikiri kabisa kwamba kama aliyepigwa asingekuwa mke wake hilo lingekuwa shambulio bila swali. Ila ikasema familia ina serikali yake iliyokamilika kama serikali ya jimbo ilivyokamilika, na kwamba ubaya wa mapigo ya maumivu ya kupita haufiki ubaya wa kufunua pazia na kuanika chumba cha watoto na chumba cha kulala mbele ya macho ya umma.

Miaka sita mbele, 1874, mahakama ile ile, kesi ya Oliver. Huyu alirudi nyumbani asubuhi amelewa, akachukua nyama ya nguruwe akasema ina funza na mkewe hataki kuisafisha, akala kidogo, akarusha kikombe na birika la kahawa kwenye kona, akatoka nje kukata fito mbili zenye matawi na majani yake, akarudi nazo akimwambia mkewe kwamba yeye na mama yake wamemuudhi kufa. Akamchapa. Alama za mkononi zilikaa wiki mbili. Fito zile, kubwa kati yao ilikuwa nusu ya kidole kidogo, yaani kwa kipimo cha gumba huyu jamaa alikuwa malaika. Mahakama ikasema lile fundisho la zamani la ufito na gumba sio sheria North Carolina, mume hana haki ya kumchapa mkewe kwa hali yoyote, ikaikubali hukumu dhidi yake, faini ya dola 10. Mpaka hapo unataka kupiga makofi. Lakini aya hiyo hiyo inaendelea: kama hakuna jeraha la kudumu, wala nia mbaya, wala ukatili, wala kipigo cha hatari, ni bora kushusha pazia, kuzuia macho ya watu, na kuwaacha wenyewe wasahau na kusameheana. Haki imefutwa, pazia limebaki. Na angalia, kwenye hukumu zote hizi za karne ya 19 maneno "rule of thumb" hayatajwi popote. Ufito unatajwa, gumba linatajwa, msemo haumo.

Nani basi aliyeviunganisha? Jibu linachekesha. Mwaka 1976 mwanaharakati Del Martin alitoa kitabu chake kuhusu wake wanaopigwa, kitabu muhimu sana kwa wakati wake, mle akataja hilo fundisho la ufito usiozidi gumba, afu akaongeza kwa utani kwamba ndiyo kanuni ya kidole gumba, tuseme hivyo. Alicheza na maneno tu. Hakudai kwamba msemo ulizaliwa hapo. Wasomaji wakabeba utani kama historia, na mwaka 1982 tume ya haki za kiraia ya Marekani ikatoa ripoti kuhusu wanawake wanaopigwa na ikatumia msemo huo kwenye jina la ripoti. Baada ya hapo nani angebisha, karatasi ya serikali imeshasema. Ilipofika 1994 ndipo profesa Henry Ansgar Kelly wa Los Angeles akaandika uchunguzi wa kina kuonyesha jinsi nyuzi mbili tofauti zilivyosukwa kuwa kamba moja.

Sasa hoja. Wanaotaka msemo uachwe wana hoja mbili na hazina uzito sawa. Ile dhaifu ni ya "sheria ya zamani ya Uingereza", hiyo nimeshaionyesha, tarehe peke yake inaiua: huwezi kuwa mtoto wa 1782 wakati umeshachapishwa 1685. Kuna wanaojitetea kwamba huenda sheria ilikuwepo ila maandishi yamepotea, lakini kwa mtindo huo unaweza kumshtaki neno lolote kwa kosa lolote, na Blackstone aliyekaa kuandika kila kona ya sheria ya Kiingereza angeikosaje? Hoja ya pili ina nguvu zaidi: kwamba haijalishi ilitoka wapi, kama mwanamke aliyepigwa akiusikia anaumia, kuna ubaya gani kusema "kwa kukadiria"? Hapo sibishi sana. Adabu ni adabu, na neno moja likitoka kwenye ripoti dunia haianguki. Ila mtu akiniomba adabu aniombe adabu, asinipe historia ya uongo kama risiti. Kwa sababu siku yule mwanamke aliyepigwa atakapokutana na anayejua tarehe, atakachopoteza sio ubishi wa msemo tu. Atakuwa ameambiwa uongo kwenye jambo ambalo ukweli wake ulikuwa upande wake, na wale wa "uzushi wa wanaharakati" wanaishi kwa makosa kama hayo, wanashika uongo mdogo wa kidole wanautumia kufuta hukumu ya Rhodes nzima. Nao hao hoja yao ni nyepesi mno. Kwamba msemo haukutoka kwenye kipigo haimaanishi kipigo hakikulindwa. Mahakama imesema yenyewe kwa maandishi kwamba lingekuwa shambulio kama asingekuwa mkewe, unataka ushahidi gani zaidi?

Na hili ndilo linalonikera kwenye mjadala mzima, kwamba kidole gumba kinapendeza. Kinaonekana, unaweza kukinyoosha mbele ya kamera, kinafaa klipu ya sekunde 30. Pazia halionekani, maana kazi yake ndiyo hiyo. Jaji anayesema "pima fimbo" anachukiza papo hapo, ila jaji anayesema "haya ni mambo ya ndani, wayamalize wenyewe" anasikika kama mzee wa busara, tena hata leo, tena kwa sauti ambazo tunazijua. Ukiamini kwamba ukatili ule ulikuwa kwenye kipimo cha fimbo, basi kipimo kikifutwa unadhani kazi imeisha. North Carolina kilifutwa mwaka 1868 na mtu akaenda zake nyumbani.

Kwa Tanzania hii sio stori ya mbali kabisa, kwa sababu mfumo wa sheria za Kiingereza uliletwa Tanganyika na amri ya 1920, tarehe ya kupokelewa kwake ni Julai 22 mwaka huo, na kufikia hapo kesi ya Jackson ilikuwa na karibu miaka 30. Kwa hiyo anayesema mkoloni alituletea ruhusa ya fimbo akatafute hoja nyingine. Tena Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, imetamka bila kupindisha kwamba hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mwenzi, sio mke tu. Unene wa fimbo haumo, kidole hakimo. Lakini kifungu hicho chenyewe hakikuweka adhabu yoyote, kinatamka haki haipo kinaishia hapo, kwa hiyo aliyepigwa inabidi aende akafungue kesi ya shambulio kama mtu aliyepigwa na jirani, kwa askari yule yule wa kaunta ambaye ndiye ataamua, kabla ya jaji yeyote kuona faili, kama aandike maelezo au awaambie warudi nyumbani wakaelewane.